Mahojiano ya Asubuhi

Mtu apandaye matatu ya namba 46 kutoka Kawangware saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hajapata mahali pa kuweka magoti yake, husikia sauti ya mtu asiyemwona ikimwuliza mtu mwingine asiyemwona habari za maji, kodi, barabara au hospitali. Redio ni ya dereva, na abiria hawana hiari. Gari hupita karibu na nyua za Lavington zenye miti mirefu, hujivuta katika msongamano wa Kilimani, huteremka Barabara ya Valley hadi mjini. Na katika muda wa saa nzima, au zaidi ikiwa mvua imenyesha, watu wasiojuana huwa baraza moja. Huyu huguna, yule hucheka, na aghalabu hapakosi mmoja ajibuye kwa sauti kuu, kana kwamba mgeni wa redio ameketi mbele yake naye amenyimwa njia ya kushuka.

Mahojiano hayo ndiyo nitakayo kuyapima katika insha hii. Tumezoea kuhakiki mashairi, riwaya na tamthilia, na hiyo ni kazi njema. Lakini mazungumzo ya redio tumeyaacha yapite kama moshi wa jikoni, ijapokuwa kwa watu wengi wa Nairobi hayo ndiyo Kiswahili cha fikra wakisikiacho kila siku. Mwanafunzi asomaye mistari kumi ya shairi kwa wiki husikia maelfu ya maneno ya redio katika wiki hiyo hiyo. Maadamu ni hivyo, ni haki yetu kuuliza kama maneno hayo yana thamani. Wala sitapima uzuri wa sauti ya mtangazaji, wala ucheshi wake, maana hayo hayatupungukii. Nitapima swali lake.

Swali ni kitu kigeni katika redio yetu, na mtu asiyeijua historia hii hawezi kuwa mwadilifu katika hukumu yake. Utangazaji ulipoanza Kenya mwaka 1928 haukukusudiwa kumwuliza mtu yeyote neno lolote. Ulikuwa wa walowezi, ili wapate habari na muziki wa kwao huku wakiwa mbali na kwao. Waafrika walianza kutangaziwa kwa lugha zao wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jamaa zao walipokuwa wakipigana katika nchi za mbali. Na katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni iliongeza matangazo ya lugha za wenyeji kwa sababu ilitaka kusikika, si kwa sababu ilitaka kusikia. Mwaka 1964 serikali huru iliutwaa utangazaji, ikauita Sauti ya Kenya na kuuweka chini ya wizara. Sauti hiyo ilidumu kwa jina hilo hadi mwaka 1989, ilipokuwa tena Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC, lenye nyumba yake katika Barabara ya Harry Thuku hata leo.

Walio wazee sasa wanakumbuka jinsi taarifa za habari zilivyoanza katika zama hizo. Zilianza kwa Mtukufu Rais: amefungua nini, amempokea nani, ameonya nani. Mambo mengine yalifuata nyuma kama wasindikizaji. Waziri aliletwa katika redio kwa kinasa sauti, akihutubia mkutano, na hotuba haina nafasi ya mtu kusema, "Samahani, hapo sikuelewa." Thamani ya kipaza sauti kile ilionekana wazi asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga waliojaribu kuipindua serikali walipokiteka kituo cha Sauti ya Kenya na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imeanguka. Haikuwa imeanguka. Lakini mahali ambapo kushika kipaza sauti ni nusu ya kushika nchi, hapawezi kuwa mahali pa maswali.

Mbotela huyo huyo, aliyefariki dunia mwezi wa Februari 2025, aliacha kipindi ambacho jina lake lenyewe ni swali: "Je, Huu Ni Uungwana?" Kilianza mwaka 1966 na kikaishi kwa miongo. Hapana aliyekisikiliza asiyekumbuka jinsi kilivyotutia haya: mtu apigaye kelele usiku, mtu aingiaye nyumba ya watu bila hodi, mtu asemaye na chakula kinywani. Nilikipenda, na ninakitaja kwa heshima. Walakini mhakiki hawezi kujizuia kuona upande ambao swali lile lilielekezwa. Liliulizwa raia juu ya adabu yake kwa raia mwenzake. Mwenye mamlaka hakuulizwa kama kumweka mgonjwa katika foleni tangu alfajiri hadi magharibi ni uungwana, au kama kuvunja vibanda vya watu usiku ni uungwana. Swali zuri lilikuwako, na mtu mwenye kipaji cha kuliuliza alikuwako. Njia ya kulifikisha juu ndiyo iliyokuwa imezibwa.

Njia hiyo ilifunguka kidogo kidogo. Vyama vingi vilirudi mwaka 1991, na mwaka 1996 Capital FM ilianza kutangaza mjini Nairobi, ikiwa idhaa ya kwanza ya binafsi katika masafa ya FM. Baadaye zikaja nyingine kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha za makabila, hata sasa Kenya ina zaidi ya idhaa mia moja. Kwa upande wa Kiswahili, kitovu cha redio kimehama mjini kikaelekea magharibi: Radio Citizen iko Kilimani, na Radio Jambo iko Westlands, kando ya Barabara ya Waiyaki. Ninataja mitaa hii kwa makusudi. Wengi wa wageni wanaohojiwa asubuhi, wabunge, makatibu wa wizara, mawakili na wataalamu, wanakaa katika mitaa hiyo hiyo ya magharibi au jirani yake; waweza kutoka nyumbani saa kumi na mbili, wakahojiwa saa moja, na saa mbili wakawa ofisini. Msikilizaji wao wa Kawangware au Kangemi hupita nje ya ukuta wa nyumba hizo akiwa ndani ya matatu. Yu karibu sana na mahali maneno yatokapo, lakini yu mbali sana na mambo yanayosemwa.

Sasa natuyatazame mahojiano yenyewe. Nitaunda mfano, ili nisimwonee mtu, lakini msomaji atautambua kama atambuavyo sauti ya jirani. Mgeni ni mkuu fulani wa maji.

"Mheshimiwa, karibu sana. Wakazi wa Kawangware wanalalamika kwamba hawana maji. Unawaambia nini?"

"Asante sana ndugu mtangazaji. Kwanza kabisa nawasalimu wasikilizaji wote popote walipo. Jambo hilo tunalifahamu, na mipango kabambe inaendelea kutekelezwa ili kuhakikisha kwamba kila mkazi anapata maji safi na salama."

"Naam, mipango kabambe inaendelea. Usiende mbali, tusikie tangazo hili, kisha tutarudi."

Kosa la kwanza ni la mwulizaji. "Unawaambia nini?" si swali, ni kiti anachovutiwa mgeni aketi. Halimtaki jambo lolote isipokuwa aseme, na kusema ndiyo kazi aliyoizoea. Angeweza kujibu kwa maneno yale yale kama angeulizwa juu ya taka, taa za barabarani au madarasa. Sasa tazama vitenzi vya mgeni: tunalifahamu, inaendelea, kuhakikisha. Hapana mtendaji, hapana siku, hapana kipimo. Nani anaendelea? Tangu lini? Hadi wapi? Sentensi yenye sarufi safi imepita masikioni bila kuacha kitu, mfano wa gari tupu lipitalo kituo. Na mtangazaji, badala ya kuona kwamba hakujibiwa, amelirudia jibu kwa furaha kama mwimbaji aitikiaye kiitikio.

Tuseme mwulizaji angejitayarisha. Angejua kwamba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a. Kwamba mji umekua kuliko mabomba yake. Na kwamba kwa sababu hiyo maji hugawanywa kwa ratiba, mtaa huu siku hii na mtaa ule siku ile. Kwa maarifa hayo machache angeuliza hivi: "Ratiba yenu inawapa watu hawa siku zao za wiki. Katika wiki iliyopita siku hizo zilifika. Maji yalifika?" Hapo mgeni hana budi kusema ndiyo au siyo. Akisema ndiyo, wako wasikilizaji maelfu wenye mitungi mitupu watakaompinga kwa simu. Akisema siyo, swali la pili limezaliwa lenyewe: ni nani aliyeshika ufunguo wa bomba? Na la tatu: majirani zao wa Lavington, ng'ambo ya barabara, walikosa pia? Na la nne, ambalo ndilo mama mwenye mtungi wa lita 20 angeliuliza kwanza kuliko yote: mbona maji yasiyopatikana katika bomba hupatikana katika mkokoteni wa mchuuzi?

Mtu atasema kwamba maswali kama hayo ni ya ukali. Mimi sioni ukali ndani yake. Naona udadisi wa mtu anayetaka kujua. Tena humfaa mgeni mwenyewe ikiwa ni mtu mwaminifu. Yamkini mkuu wa maji anayo sababu njema: mvua zimechelewa, bomba limepasuka, au watu wamejiunganishia maji kwa siri kiasi kwamba hayafiki mwisho wa njia. Swali legevu humnyima nafasi ya kuieleza sababu hiyo, likamwacha aonekane mwongo hata pale asipokuwa mwongo.

Jambo la kushangaza ni kwamba watangazaji wetu wanajua kuuliza. Ushahidi uko katika vipindi vyao vyenyewe. Radio Jambo ina sehemu ya asubuhi iitwayo Patanisho, inayoongozwa na Gidi na Ghost, ambapo mume au mke aliyekosana na mwenzake hupiga simu ili apatanishwe. Wako wakosoaji wanaoidharau kwa kuwa huanika ndani ya watu barabarani, nami sikatai kwamba wakati mwingine ninazima redio kwa aibu. Lakini sikiliza ufundi ulioko. Mume anasema, "Tulikosana kidogo tu." Anaulizwa, kidogo namna gani? Anasema kwamba mke aliondoka. Anaulizwa, aliondoka baada ya nini? Anajibu kando; anarudishwa. Anataja mama mkwe. Anaambiwa habari za mama mkwe zingoje. Baada ya dakika chache ukweli unatoka, na kwa kawaida ni kwamba fedha za kodi ya nyumba zilikwenda mahali pengine. Hivi ndivyo kuhoji kunavyokuwa! Mtu wa Kayole aliyetumia vibaya fedha za nyumba moja hana pa kujificha. Lakini akiketi mtu aliyekabidhiwa fedha za nyumba elfu kumi, katika idhaa nyingi tulizo nazo udadisi ule hulala usingizi, na neno "mheshimiwa" hufunika kila kitu kama shuka.

Juu ya neno hilo ningependa kukaa kidogo. Kiswahili ni lugha ya adabu, na sipendi kusikia kijana akimkatiza mzee kwa kiburi, akidhani huo ndio ushujaa. Lakini adabu ya Kiswahili haikumkataza mtu kuuliza. Katika baraza za watu wetu mdogo aliweza kumwuliza mkubwa jambo zito, akitanguliza "niwie radhi" au "nisamehe mzee wangu," kisha akauliza, na mkubwa alijivunjia heshima yake mwenyewe akikwepa. Heshima ilikuwa namna ya kuuliza. Katika redio imegeuka kuwa sababu ya kutouliza. Hesabu siku moja, kwa karatasi na kalamu, ni mara ngapi neno "mheshimiwa" linatajwa katika mahojiano ya nusu saa, kisha hesabu ni mara ngapi mgeni ameambiwa, "Swali langu lilikuwa jingine." Mimi nimefanya hesabu hiyo asubuhi nyingi, na orodha ya pili mara kwa mara ilibaki tupu.

Sababu haziko katika tabia ya mtangazaji peke yake. Mtu huyu ameamka saa kumi usiku. Ana saa tatu au nne za kujaza kwa muziki, vichekesho, habari za barabara, matangazo ya biashara na salamu. Mswada wa kurasa nyingi huchapishwa leo, na kesho asubuhi anatakiwa amhoji aliyeuandika. Tena idhaa huishi kwa matangazo, na serikali ni mteja mkubwa wa matangazo. Mwaka 2015 iliunda wakala mmoja wa kuyagawa. Hahitaji mtu kupiga simu kutoa tishio. Kila mwenye duka anajua namna ya kuzungumza na mteja wake mkubwa. Na vitisho vya wazi vimekuwako pia: tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano ya ukumbusho, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza redio na televisheni ziache kutangaza maandamano moja kwa moja, mitambo ya baadhi ya vituo vya televisheni ikazimwa, hata Mahakama Kuu ilipositisha agizo lile siku ile ile. Anayemlaumu mtangazaji kwa woga na asikumbuke mambo haya anahukumu nusu ya kesi.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo fedha wala woga haviwezi kulitolea udhuru, nalo ni lugha. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini miswada huandikwa kwa Kiingereza, bajeti huandikwa kwa Kiingereza, na mgeni wa asubuhi huja na kichwa kilichojaa Kiingereza cha ofisini. Basi mtangazaji wa Kiswahili ni mfasiri kabla ya kuwa mwulizaji, na ufasiri wake ukiwa mbaya, hata swali jema huangukia mahali pasipo pake.

Chukua habari ya nyumba za bei nafuu. Mwaka 2023 Mswada wa Fedha ulipoletwa Bungeni ulisema kwamba mfanyakazi atakatwa asilimia 3 ya mshahara, na makato yale yaliitwa mchango wa mfuko wa nyumba. Sheria ilipotiwa sahihi mwezi wa Juni mwaka huo, yalikuwa asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kwa mwajiri wake, na jina lilikuwa limebadilika: yakawa tozo. Sasa fikiri jinsi mtu wa kawaida asikiavyo maneno haya. Neno "mchango" humletea fikra za harusi, mazishi na harambee. Hutolewa kwa hiari, au walau kwa kuona haya, na mtoaji hujua jina la anayesaidiwa. Katika pendekezo la kwanza mtoaji aliahidiwa kwamba atakuwa na haki juu ya fedha zake. Tozo haina ahadi hiyo. Ukiitoa imekwenda, nyumba atapewa mwingine, na wewe utabaki na kodi yako ya kupanga Kangemi. Tofauti hii ilikuwa kiini cha jambo zima. Lakini katika mahojiano mengi ya miezi ile maneno mchango, ada, kodi, tozo na makato yalitumiwa kama watoto pacha, mara hili mara lile, hata katika sentensi moja. Mgeni wa serikali alisema "mchango" na mpinzani wake akasema "kodi," na mtangazaji hakuwauliza lile swali rahisi kuliko yote: "Je, fedha hizi nitarudishiwa?" Mahakama Kuu ililiita jambo hilo kinyume cha Katiba mwezi wa Novemba 2023, na sheria mpya ikatungwa mwezi wa Machi 2024; na mpaka leo nakutana na watu wazima wanaongoja akiba yao.

Ikiwa msomaji anaona kwamba ninavuta mambo madogo ya maneno, nakumbusha yaliyotukia mwezi wa Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza, pamoja na mengine, mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na mwenye gari alipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake. Vijana hawakungoja redio iwaeleze. Waliuchukua mswada, wakaufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha za makwao, wakausambaza kwa simu, wakakutana katika mabaraza ya mtandaoni na kuulizana kifungu kwa kifungu. Mapendekezo ya mkate na magari yaliondolewa, lakini tarehe 25 Juni mji ulijaa watu, Bunge likaingiwa, na vijana wakauawa kwa risasi katika barabara zile zile zinazotajwa kila asubuhi katika habari za msongamano. Siku ya pili yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada wote.

Sisemi kwamba maswali bora ya asubuhi yangaliokoa maisha ya vijana wale. Huo ungekuwa ujinga. Nasema kwamba kazi ya kufasiri na kuuliza, ambayo redio ilikuwa na mitambo, mishahara na jina la kuifanya, ilifanywa na watoto wa shule na vyuo kwa simu zao, bila malipo, usiku. Na walipoifanya ilionekana kwamba watu wana njaa ya kujua vifungu, si ya kusikia kwamba mipango inaendelea. Mwezi wa Julai Rais mwenyewe alikwenda kuzungumza nao katika baraza la mtandaoni, wakamwuliza majina ya waliokufa. Katika mahojiano yote ya serikali niliyopata kuyasikia, hayo ndiyo yaliyokuwa na adabu kidogo na maswali mengi, na sikumbuki kama nimepata kusikiliza kwa makini zaidi.

Limebaki jambo la simu za wasikilizaji, ambalo wengine hulisifu bila mpaka. Kila mahojiano siku hizi humalizika kwa sauti ya mpigaji wa Rongai, Uthiru au Gikambura, na wengine husema kwamba huo ndio uhuru wenyewe. Sina hakika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tulijifunza kwamba kipaza sauti kilicho wazi kinaweza kubeba sumu. Tume ya Waki ilizitaja idhaa za lugha za makabila katika taarifa yake ya 2008, na mtangazaji wa asubuhi wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa huko The Hague, hata majaji walipoikomesha kesi hiyo mwezi wa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi. Katika siku zile zile za moto Pamoja FM, redio ndogo ya kijamii iliyokuwa imeanzishwa Kibera mwaka 2007, iliwasihi majirani wasiuane. Mitambo yake haikuwa bora kuliko ya wakubwa. Watangazaji wake walikuwa wakikaa pale pale. Nyumba ambayo ingechomwa ilikuwa ya mtu wanayemjua, na mpigaji simu alijua kwamba atakutana na mtangazaji njiani.

Hilo la mwisho naliona kuwa na uzito. Katika idhaa kubwa mpigaji hupewa nusu dakika, hukatwa katikati ya neno, na mgeni hujibu wapigaji watano kwa mkupuo, akichagua swali jepesi na kuyaacha mazito yaanguke. Mpigaji ametumiwa kama chumvi: kuonja, si kushiba. Katiba inataka wananchi washirikishwe katika kutunga sheria, na mahakama zetu zimeshindana juu ya neno hilo: Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 mwezi wa Julai 2024 kwa kuwa, pamoja na sababu nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Oktoba. Mawakili walibishana kwa majuma. Abiria wa namba 46 angeweza kuwaambia majaji kwamba alishirikishwa kwa sekunde ishirini, akiwa amesimama, ndipo likaingia tangazo la sabuni.

Nimesikia mahojiano mazuri pia, nisije nikaonekana mchoyo wa sifa. Asubuhi moja, katika idhaa ambayo sitaitaja kwa kuwa siku nyingine ilinichosha, mtangazaji wa kike alimhoji afisa mmoja juu ya mabadiliko ya bima ya afya, bima ya zamani ilipoondolewa mwezi wa Oktoba 2024 na wafanyakazi wakaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mishahara yao. Afisa alianza na mipango. Yule mama akangoja amalize, akasema kwa upole: "Nisaidie kaka yangu. Mimi ni mama mboga wa Kangemi. Sina mshahara. Mtoto ana homa leo. Nikifika hospitali, watanitaka nini mkononi?" Afisa akanyamaza. Kimya kile kilichukua labda sekunde tatu, na katika redio sekunde tatu ni muda mrefu kama mkesha. Kisha akaanza kueleza, hatua kwa hatua: namba ya kitambulisho, kujiandikisha, makadirio ya mapato, malipo ya mwaka mzima kwa mara moja. Alipotaja malipo ya mwaka mzima yule mama akamrudisha hapo. "Mwaka mzima, leo hii, na mtoto ana homa?"

Tulikuwa tumefika mjini. Kondakta aligonga bati mara mbili, mlango ukafunguliwa, na hapana aliyeshuka. Dereva mwenyewe aliigeuza shingo akaongeza sauti, magari ya nyuma yakapiga honi, nasi tukakaa pale tukingoja afisa ajibu.